Metro ya Bandari Kuu imefunguliwa leo!

Msiitafute Bandari Kuu kwenye ramani. Ni mji wangu wa kwenye kompyuta, ndani ya Cities: Skylines, lile gemu la Wafini lililotoka 2015.

Foleni ya kutoka bandarini ilikuwa imenishinda. Kila nikipanua barabara, magari yanaongezeka.

Leo jioni nikasema basi, tunachimba chini.

Njia ya kwanza inatoka bandarini, inapita sokoni, inaishia hospitali. Ramani yake nimeichora kwa mtindo wa Harry Beck, yule aliyezoea kuchora saketi za umeme kisha akawapa London ramani ya treni zao za chini ya ardhi mwaka 1933: mistari imenyooka, kona za digrii 45, umbali halisi usahau.

Sasa, gemu hili linakuruhusu kumbonyeza mkazi yeyote ukamfuata. Nikambonyeza mzee mmoja.

Akatoka kwake. Akakipita kituo cha basi kama hakioni. Akashuka ngazi za metro, akasimama kungoja.

Treni ikaja.

Akapanda!

Nimepiga makofi peke yangu sebuleni. Shemeji yenu kachungulia, akaguna, akaondoka.

Kituo cha sokoni bado hakina jina. Leteni mapendekezo, ila asiniletee mtu jina la mbunge.