Pampu ya kahawia iliyosahauliwa kabatini

Tanga, usiku. Upepo wa kusi umeanza, mvua haikatiki, na Ngamiani majiko ya mkaa yameingizwa ndani. Majira haya wenye pumu huamka saa nane za usiku, kifua kinapiga filimbi, mkono unapapasa pampu ya bluu chini ya mto.

Pampu ya bluu ninaiheshimu. Salbutamoli hulegeza misuli iliyobana mirija ya hewa, na ndani ya dakika tano mtu anahema vizuri. Baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha, na uvimbe ndani ya mirija haujaguswa. Uvimbe huo unatulizwa na steroidi ya kuvuta, mara nyingi beklometasoni, ile ya kahawia, na hutumika kila siku hata kifua kikiwa shwari. Hapo ndipo wengi huteleza: wiki mbili za nafuu, inarudi kabatini. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Pampu moja ya bluu huwa na mipulizo 200. Anayemaliza tatu kwa mwaka yuko hatarini, hata akijiona mzima.

Linaloniuma zaidi ni dawa kuishia kooni. Tikisa, toa pumzi, bana midomo, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, kisha zuia pumzi sekunde kumi. Mkono na pumzi visipopatana, chukua chupa ya maji ya nusu lita: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, chomeka, ziba kwa plasta, vutia kwenye shingo ya chupa. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta, plastiki hupata umeme tuli unaonasa dawa. Ukimaliza ya kahawia, sukutua uteme, la sivyo mdomo utaota utando mweupe.

Mfanyakazi wa mkonge ambaye kifua hufunguka siku za mapumziko amweleze daktari habari ya vumbi. Propranololi, dawa ya presha na moyo, hubana mirija. Aspirini na diklofenaki pia, kwa baadhi ya watu.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mpe mipulizo minne hadi kumi ya pampu ya bluu kupitia chupa, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20, mkiwa tayari njiani kwenda hospitali. Filimbi ikinyamaza naye bado anahangaika, msidhani ni nafuu: hewa haipiti.