Kabla ya kusema ulimi wake ni mzito

Bukavu, mwezi wa tisa. Mvua imerudi pamoja na masomo. Ikipiga mabati, mwalimu mwenye watoto 60 darasani hasikiki vizuri hata kwa mwenye masikio mazima. Ndiyo maana mzazi wa Kadutu au Bagira akilalamika kuwa mtoto ana ulimi mzito, mimi huwaza masikio kwanza.

Kuyachunguza hakuhitaji mashine. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono, asiuone mdomo wako, kisha nong'ona: kiti, kalamu, sufuria. Ayarudie. Rudia jaribio baada ya wiki 2 au 3, maana mafua yakiacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu huja na kwenda. Asiyerudia vizuri apelekwe hospitali, na sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta ya moto.

Halafu lugha. Anayetamka Kimashi vizuri nyumbani akakwama kwenye Kifaransa tu, huyo bado anajifunza. Tatizo la kweli la matamshi humfuata mtoto katika kila lugha anayoisema. Mama ndiye shahidi. Aulizwe kabla ya kuzungumzia kumhamisha mtoto shule.

Kuna wanaokimbilia kukata. Kumkata mtoto kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakumwongezei neno hata moja. Kunamletea hatari ya kutokwa damu na maambukizi.

Sauti ikipitia puani, hasa kwa aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, tumia kioo kidogo. Mtoto aseme "Baba alikata papai", sentensi isiyo na m wala n. Kioo kiingie chini ya pua akiwa ameshaanza kusema, kitoke kabla hajamaliza. Vinginevyo utaona ukungu wa pumzi yake ya kawaida na kudhani umepata jibu. Kikipata ukungu katikati ya maneno, hewa inavuja. Hapo mazoezi ya kupuliza hayatoshi, aonwe na daktari.

Asemaye "tutu" badala ya "kuku" na ameshapita miaka 4, hapo mwalimu ana kazi. Chora taa na kaa la moto. Wewe taja "taa" au "kaa", yeye aonyeshe kwa kidole. Asipotofautisha kwa sikio, usimlazimishe kutamka. Wengi huruka hatua hii na mtoto anachoka bure. Akishatofautisha, zuia ncha ya ulimi wake ibaki chini kwa mpini wa kijiko safi, aseme "ka". Nyuma ya ulimi itapanda yenyewe. Kisha "kaa", kisha "kaa la moto". Dakika 5 kila siku zinazaa kuliko saa moja ya Jumamosi.

Kigugumizi ni habari nyingine kabisa, na hapa shule zetu huniudhi. "Pole pole, vuta pumzi!" darasa zima likimtazama: mtoto anazidi kukaza. Msubiri, usimmalizie neno. Wakati wa kuitwa majina awe miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu kungoja zamu huongeza hofu. Wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wakisoma pamoja na mwingine, hivyo mpe mwenzake wa kusoma naye. Mwenzake apunguze sauti kidogo kidogo. Na kukariri shairi kusipimwe kwa saa. Siku maneno yakigoma, aliandike, apate alama zake kamili.