Mwenye injini ni nani?

Jumapili iliyopita bwana mmoja alisimama kando ya reli za klabu yetu ya treni ndogo za mvuke hapa Manchester, kambeba mjukuu mabegani, akaniuliza mwenye injini yuko wapi. Mkono wangu ulikuwa kwenye wenzo wa kufungulia mvuke. Nikamwambia ni mimi. Akatabasamu. "Sawa, lakini aliyeiunda ni nani?" Nikamwambia ni mimi pia. Akaitazama injini, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mzee wa Kiingereza aliyekuwa akinisaidia kujaza maji, akamuuliza kama ni kweli. Yule mzee akasema ni kweli, na hapo ndipo akaamini.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimekaa nchi hii miaka 22, nimeambiwa mengi kazini na barabarani, na mengi nimeyaacha yapite. Hili limekataa kupita, maana injini ile imekula jioni zangu za miaka 9.

Wenzangu mliokulia kando ya reli mnazijua zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zilizovuta treni za kwetu. Rangi ya damu ya mzee, tangi la maji mbele, boila kati, tangi la mafuta nyuma, ndefu utadhani haziishi kupita. Zilikuwa 34, kila moja ina jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakuna injini ya mvuke ya reli zenye upana wa mita moja iliyozishinda nguvu. Uzito wake ulikaribia tani 252. Mbili zimebaki pale makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nami nimeunda Shengena, namba 5930, kwa kipimo cha moja kwa nane. Yangu ina urefu wa mita 4 kasoro kidogo, na inakimbia kwenye reli zenye upana wa inchi 5. Kwa kuwa kila upande umegawanywa kwa nane, uzito unagawanyika kwa 512, lakini hata hivyo inakaribia nusu tani.

Na zote 34 zilitoka hapa hapa Manchester, kiwanda cha Beyer Peacock kule Gorton, mwaka 1955 na 1956. Kiwanda kilifungwa 1966. Basi langu la kwenda kazini linapita Gorton, na miaka ya mwanzo nilikuwa napita nimelala dirishani, sijui kwamba chuma kilichomlisha baba yangu kilisubiwa mtaa ule.

Ujanja wa Garratt uko katikati. Boila halina gurudumu chini yake, limening'inizwa kati ya injini mbili zenye magurudumu, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo unaweza kulifanya nene upendavyo, na treni inajipinda kwenye kona kama tandu. Lakini mvuke lazima uvuke kutoka boila hadi injini inayogeukageuka, na hapo ndipo pa kutolea jasho. Inatakiwa tufe la shaba lizunguke ndani ya kikombe chake bila kuvuja. La kwanza nililikereza kwa wiki mbili, likavuja. La pili likavuja. La tatu nililing'arisha kwa kitambaa na unga laini hadi nikaona meno yangu ndani yake, na hilo ndilo lililopo mpaka leo.

Magurudumu ni 28, na 16 kati yake ndiyo ya kusukuma. Kila moja limekuja kama kipande cha chuma cha kusubu, kinakwaruza kama gome la mti, nami nikalikereza kwenye mashine ndogo ya mitumba iliyojaza stoo yangu yote. Kisha unayabana kwenye mhimili, pini ya gurudumu la kulia itangulie ya kushoto kwa nyuzi 90, na mihimili yote ya injini ile iafikiane. Mmoja ukitofautiana kwa unene wa unywele, fito zinazounganisha magurudumu zinakaza na injini haisogei. Mikono iliyofanya kazi hiyo ndiyo yule bwana aliitazama asiiamini.

Ila nisiwe mchoyo wa haki. Boila la shaba nyekundu huwezi kulitia mvuke kwa kujiamini mwenyewe tu. Mkaguzi wa klabu hulijaza maji mpaka hewa yote itoke, kisha hupampu hadi mara mbili ya nguvu utakayotumia. Langu ni la pauni 90 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo lilipandishwa hadi 180. Maji hutumika kwa sababu boila likipasuka yatamwagika tu, mvuke ungetuua. Mara ya kwanza tone moja lilitokeza kwenye kona ya chumba cha moto. Nilikuwa nimeshamaliza pesa. Shaba na lehemu ya fedha vilikuwa vimenila zaidi ya kodi ya nyumba ya miezi miwili, na mnajua shaba ina bei gani, ndiyo maana nyaya haziponi kwetu. Mkaguzi yule, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akarudi kesho yake na mitungi yake miwili ya gesi na fito zake za lehemu. Tukalipasha boila zima hadi likawa jekundu la giza, nyuzi zaidi ya 600, ile lehemu ikakimbia kwenye kiungo kama maji kwenye mchanga. Hakuchukua hata senti.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniandikia mnataka kuja, sikilizeni. Cheti chako cha ufundi huenda wasikitambue, mimi changu hakikutambuliwa, nikaanza kwa kupanga maboksi usiku. Lakini usiuze tupa na kalipa zako kupata nauli. Njoo nazo kwenye begi. Na ukifika usimalize wiki zote kwa zamu mbilimbili hadi mikono isahau. Tafuta watu wenye kazi kama yako. Wapo, na wengi hukutana Jumapili.

Jumatatu jioni nilimpigia baba Mombasa. Ana miaka 84, alianza kama mchochea moto kwenye hizo hizo 59, akamaliza dereva. Nilimpa shikamoo, sikumwambia habari ya yule bwana. Nilimtumia video ya injini ikipanda mlima wa klabu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo aliiweka simu sikioni. Kimya. Akairudia. Kisha akasema, "Mwanangu, ya nyuma inapumua sawa. Ya mbele inapiga tatu nzito na moja nyepesi. Vali ya kushoto imesogea."

Nikateremka stoo na tochi, nikafungua kifuniko cha vali ya kushoto, injini ya mbele. Nati ya kwenye ufito ilikuwa imelegea nusu mzunguko.