Tulivyomwandalia mama mdogo safari ya Würzburg

Mtu wa Dar es Salaam akifika ubalozi wa Ujerumani kuomba visa akakuta amesahau karatasi, anapanda daladala, anaifuata nyumbani. Mtu wa Mwanza hana nafasi hiyo. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na miadi ikishapita unaanza upya kuomba nyingine. Kwa hiyo safari ya kwanza ya mama mdogo kwenda Ulaya, mwishoni mwa Februari 2025, tuliimaliza kuipanga nyumbani Nyakato, Mwanza, juu ya meza ya chakula, kabla mtu yeyote hajakata tiketi ya kwenda Dar.

Alikuwa amealikwa na rafiki yake wa siku nyingi, mwalimu wa Würzburg, Ujerumani. Mji huo na Mwanza ni miji dada tangu 1966, na urafiki wao ulianzia huko. Tarehe hatukuzichagua sisi. Shule za Bavaria, jimbo lenye mji huo, zilikuwa na likizo kuanzia tarehe 3 hadi 7 Machi, na Jumapili ya tarehe 2 Machi lilikuwa gwaride la Fasching, yaani kanivali ya kabla ya Kwaresima, mjini, ambalo mwenyeji alitaka sana mgeni wake alione. Tukaweka kuondoka tarehe 19 Februari, kurudi 12 Machi, kisha tukahesabu kurudi nyuma.

Hesabu ilikuwa hivi. Ombi la visa ya Schengen, ile moja inayotumika Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini ubalozi una haki ya kufikisha 45. Anayepanga kwa siku 15 anapanga kwa kubahatisha. Ukitoa siku 45 kutoka tarehe 19 Februari unaangukia mwanzoni mwa Januari, na nyuma yake kuna Krismasi na mwaka mpya, wakati ofisi nyingi zinafungwa. Miadi ikabidi iwe Novemba.

Karatasi iliyotuchelewesha haikuwa yetu. Mwenyeji akijitolea kubeba gharama, inamlazimu aende ofisi ya wageni ya mji wake akatie saini hati ya udhamini, Verpflichtungserklärung kwa Kijerumani. Ada yake ni euro 29. Ubalozi unataka hati halisi, picha ya simu haitoshi, kwa hiyo ni lazima isafirishwe kutoka Ujerumani mpaka Mwanza. Nayo hupitwa na wakati: ikishafikisha miezi 6 tangu isainiwe, ubalozi hauipokei tena. Ukiiomba mapema mno inakufia mkononi, ukichelewa inakukuta umeshapitwa na miadi. Tulimwomba aisaini Oktoba, na hilo lilitosha.

Ya kwetu yalikuwa majina. Pasipoti ilifuata kitambulisho cha NIDA, majina matatu. Benki ilikuwa na majina mawili, na la pili ni la marehemu mumewe. Cheti cha ndoa kilikuwa na tahajia nyingine kabisa. Hapa Tanzania tunaishi hivyo miaka yote bila shida, lakini anayesoma faili ubalozini hamjui mtu huyu. Yeye anaona watu watatu. Wakili mjini akaandika hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ikatafsiriwa Kiingereza pamoja na cheti. Taarifa ya benki ilikuwa ya miezi mitatu, ina muhuri, na inaonyesha pensheni ikiingia kila mwezi. Mjomba alitaka kumwekea milioni kadhaa akaunti ionekane nono. Tulimkatalia. Fedha nyingi inayoingia ghafla wiki moja kabla ya miadi huzua swali la ilikotoka, na pensheni ndogo isiyokatika ina nguvu kuliko hiyo.

Swali kubwa la afisa ni moja: huyu atarudi? Barua ya mwaliko haijibu hilo. Linajibiwa na hati ya nyumba, leseni ya duka lake dogo pamoja na namba ya mlipakodi, na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu anaowalea. Tuliviweka mbele kabisa ya kabrasha.

Bima ndiyo iliyotusumbua zaidi. Inatakiwa ifikie euro 30,000, ilipie matibabu na kurudishwa nyumbani, na itambulike katika nchi zote za Schengen. Wakala mmoja alituandikia iliyotaja Ujerumani peke yake. Ukiisoma haraka inaonekana sawa, maana safari ni ya Ujerumani. Lakini kwa sharti hilo ni pungufu. Akaibadilisha, tukaongeza na siku chache mwishoni, kwa sababu ndege ikiahirishwa bima nayo isiwe imekwisha. Picha pia: milimita 35 kwa 45, mandhari ya nyuma yawe meupe au kijivu chepesi, si bluu tuliyoizoea studio. Tiketi ya ndege tulishika nafasi tu bila kulipa. Hakuna sababu ya kulipia kiti kabla visa haijatoka.

Nguo tulizipata Mlango Mmoja, soko la mitumba la Mwanza. Koti la baridi la maana utalipata mitumba kwa sehemu ndogo tu ya bei ya dukani Ulaya, ila uwe na macho. Koti la manyoya ya bata lipapase: ukikuta mabonge huku na mapengo kule, limefuliwa vibaya na baridi itapitia kwenye mapengo. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Viatu ndiyo mtego mkubwa. Buti za povu la poliyurethani zikikaa miaka stoo, unyevu wa hewa huivunja soli kutoka ndani, ingawa ngozi ya juu inang'aa kama mpya. Zikunje kwa nguvu, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikibaki na alama au ikitoa unga, iache, maana itameguka siku ya pili barabarani. Tulichukua namba moja zaidi ya kawaida yake ili soksi nene ikae bila kubana. Mguu uliobanwa hauzungukwi na damu vizuri, na hupoa upesi.

Watu wengi walimtisha mama mdogo kwa theluji. Mwisho wa baridi Würzburg si theluji hasa, ni maji. Mchana joto linacheza kwenye nyuzi 5 hadi 8, usiku linashuka mpaka sifuri au chini kidogo. Kinachoyeyuka mchana kinaganda usiku, asubuhi njia inateleza. Kwa hiyo tulitilia mkazo vitu visivyopitisha maji: buti na koti la nje lenye kofia. Ndani kabisa ni fulana ya sufu, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa nalo, ukisimama inakuganda mwilini. Sufu hubaki na joto hata ikilowa. Sweta katikati. Khanga zake alibeba, za kujifunga ndani ya nyumba, maana nyumba zao zina joto kuliko sebule yetu ya Nyakato. Hewa hiyo ya ndani ni kavu mno, hivyo mafuta mazito ya kujipaka na ya midomo hayakukosa. Koti na buti ni za kuvaa au kubeba mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi kubwa. Begi likichelewa, msafiri anatoka uwanjani Frankfurt na blauzi.

Zawadi zilileta ubishi. "Mwanangu, niende mikono mitupu?" aliuliza. Hapana, lakini Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka nchi kama yetu, na hapo samli pia imo. Embe halipiti bila cheti cha afya ya mimea. Nanasi, ndizi na nazi zimeruhusiwa. Asali isizidi kilo 2. Samaki ndiyo habari njema kwa mtu wa ziwani: mkavu au wa moshi, mpaka kilo 20 kwa matumizi yake. Tukashuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kutafuta dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Wale wa kuanikwa chini wana mchanga ambao hakuna kuosha kunakoumaliza. Tuliwafunga mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, hewa yote imetolewa.

Usafiri wenyewe ulikuwa tiketi mbili: Mwanza hadi Dar, kisha Dar hadi Frankfurt kupitia Addis Ababa. Zikiwa tofauti, ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika la pili haliwajibiki, na mizigo haivuki yenyewe. Alilala Dar usiku mmoja. Kurudi tulitafuta ndege asikae Addis zaidi ya saa 12, kwa sababu ukizidisha hapo Tanzania inakudai kadi ya homa ya manjano. Kutoka uwanja wa Frankfurt treni ya moja kwa moja mpaka Würzburg ni kama saa moja na nusu. Tiketi yake ya bei ya chini hufungwa kwenye treni moja tu, na foleni ya pasipoti haijali hilo; tulichagua treni iliyoondoka saa tatu baada ya ndege kutua.

Ubalozi wa Ujerumani upo Umoja House, mjini Dar. Ada ilikuwa euro 90. Ilipanda kutoka 80 mwezi Juni 2024. Alama za vidole zilichukuliwa, nazo hutunzwa miezi 59, hivyo ombi linalofuata ndani ya muda huo kwa kawaida halihitaji nyingine. Pasipoti iliporudi tulisoma stika ya visa kabla ya kufurahi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya siku, idadi ya kuingia. Kosa likionekana mapema ubalozi hulisahihisha. Likigunduliwa uwanja wa ndege, safari inaishia hapo.

Kabrasha lote, hati ya udhamini na bima zikiwa juu, liliingia kwenye begi la mkononi. Afisa wa mpaka wa Frankfurt ana haki ya kuuliza tena kila kitu ambacho ubalozi ulishauliza.