Nzuri kiasi au nzuri kabisa?

Tukuyu, manyunyu tangu asubuhi. Nimekaa jikoni kwa mama, jiko la mkaa karibu na miguu, narudia kusoma barua pepe ya mwaka jana.

Tulimpelekea mnunuzi mmoja Mwingereza sampuli ya parachichi, aina ya Hass tupu, kila moja tumeibakizia kikonyo kifupi na kuifuta kwa kitambaa. Akajibu: "The fruit is quite good." Kwenye kikundi chetu msomaji wa Kiingereza ni mimi, nikawatangazia wenzangu kwamba zimesifiwa, nzuri sana! Mzee mmoja akatununulia soda. Mnunuzi hakuandika tena.

Wiki hii ndiyo nimekaa na kamusi. Kumbe "quite" ina nyuso mbili. Ukiiweka kwenye jambo ambalo ama limekuwa ama halijawa, kama kufa au kumalizika, maana yake ni kabisa. "Quite dead": amekufa, hakuna mjadala. Ila ukiiweka kwenye sifa inayopanda na kushuka, uzuri, baridi, uchovu, Mwingereza mara nyingi anamaanisha kiasi tu, inapita. Angekuwa Mmarekani ningekuwa na utetezi, maana kwao huelekea kwenye sana. Halafu kuna "a few", wachache, lakini "quite a few" ni wengi! Hapo nilifunga kamusi nikachochea moto kwanza.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, neno la mtu aliye huru, asiyedaiwa. "Quit" ni ndugu yake. Kutoka kumaliza deni hadi kabisa naiona njia. Kutoka kabisa hadi kiasi, nadhani ni adabu za watu wasiopenda kusema "hapana" waziwazi.

Na sisi je? Fundi akikwambia "bado kidogo", hesabu wiki.

Nikamsimulia mama. "Kwa hiyo zilikuwa nzuri au mbaya?"

"Nzuri kiasi."

"Si angesema tu." Kwake mambo ni mepesi: akishukuru kwa moyo ni ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na hiyo fijo haijawahi kumaanisha nusunusu.

Akanimiminia chai ya maziwa, akasubiri ninywe.

"Ikoje?"

"Si haba, mama."

Akanitazama kidogo, akavuta kopo la sukari.