PJ Harvey na albamu ya vita isiyopiga kelele

Kama kuna albamu ya rock nitaitetea popote pale ni hii Let England Shake ya PJ Harvey, mwanamuziki wa kike wa Uingereza. Ilitoka Februari 2011 na mpaka leo nikiirudia nakuta kuna kitu sikukisikia vizuri.

Waliomjua PJ tangu miaka ya 90 walimjua kwa lile gitaa la kukwaruza na sauti nzito ya kutokea tumboni, sasa hapa kaweka vyote pembeni, kashika otohapu, ile ala ya nyuzi inayokumbatiwa kifuani, anaimba juu kabisa, sauti nyembamba karibu ya mtoto, na anachoimba ni vifo. Vita mwanzo mwisho yaani. Nyimbo kadhaa ni za Gallipoli 1915, Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Uingereza, Australia na New Zealand wanashushwa ufukweni kwa Waturuki na risasi zinawafyeka.

Angeimba kwa hasira tungesema sawa, wimbo mwingine wa kupinga vita, tumezoea. Ila yeye hahubiri wala hanyooshei mtu kidole, anasimulia tu kama shahidi, na melodi zenyewe zinachezeka, mpaka unajikuta unaimba kiitikio cha watu waliokatika vipande. The Words That Maketh Murder ndo inanimaliza kabisa, kuna viungo vya watu juu ya miti halafu mdundo umechangamka, afu mwishoni anauliza kama apeleke shida yake Umoja wa Mataifa, mstari kauazima kwenye Summertime Blues ya Eddie Cochran ya 1958, ambako ni kijana tu analalamikia kazi za likizo. Kwa Cochran ulichekesha. Hapa unatisha.

Na ile tarumbeta ya kijeshi kwenye The Glorious Land, haiendani na ngoma hata kidogo, kama jeshi jingine linapita nyuma ya bendi. Naipenda sana.

Walirekodi kanisani, kijiji cha Eype, Dorset, mkoa aliokulia mwenyewe, akiwa na wanamuziki wenzake John Parish, Mick Harvey ambaye si ndugu yake, na prodyuza Flood. Maneno aliyaandika kwanza, muziki ukafuata baadaye, na inasikika, mashairi yamesimama kwa miguu yake.

Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, alishinda kwa albamu hii 2011, msanii wa kwanza kuichukua mara mbili. Ile ya kwanza alitangazwa tarehe 11 Septemba 2001 akiwa Washington, siku ileile ndege ilipogonga Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Miaka 10 iliyofuata ilikuwa ya vita vya Afghanistan na Iraki, ndo maana sikubali mtu akiniambia hii ni albamu ya historia. Sikiliza Written on the Forehead, reggae ya zamani ya Niney wa Jamaika inaita moto huku watu wanakimbia mji wao, hiyo siyo 1915.

Kama ndo unaanza usichukue wimbo mmojammoja, ni nyimbo 12 kwa dakika kama 40 hivi, zipige kwa mpangilio wake. On Battleship Hill, ule mlima wa Gallipoli miaka 80 baadaye ukinukia majani, inataka uwe umetoka kuisikia All and Everyone na kifo kilivyojaa kila mahali, ukiiruka hiyo utasikia wimbo mzuri tu wa mlima.