Mistari Tisa Isiyo na Jina

Nimetoka zamu saa moja na nusu asubuhi. Usingizi umekataa kuja, na jua la San Antonio, Texas, limeshaanza kuchoma pazia, kwa hiyo acha niandike.

Jana usiku, kabla ya kumpa mgonjwa wangu dawa ya maumivu, nilimwuliza jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Nilikuwa nimemwuliza hayo hayo saa nne kabla. Ndiyo kanuni ya kazi yetu: huchomi sindano, huweki dripu, hutundiki damu kabla hujathibitisha mambo hayo mawili. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, nikasoma ukanda wa mkononi mwake, nikaendelea. Mwenzangu yeyote wodini huuliza bila kuwaza. Mimi swali hilo hunirudisha 2011.

Mwaka huo nilikuwa luteni wa uchukuzi katika jeshi la Marekani, huko Afghanistan. Kazi yangu ilikuwa misafara ya malori: dizeli, maji, vipuri, vyakula, katika barabara kuu namba moja, ile inayounganisha Kabul na Kandahar. Nilijua lita ngapi lori linakunywa likipanda mlima, na dereva yupi hapaswi kupangwa usiku. Siku ile sikuwa barabarani. Nilikuwa kwenye chumba cha operesheni, redio mkononi, msafara ulipopigwa na bomu la kutegwa.

Ombi la helikopta ya majeruhi lina mistari tisa. Kila afisa huikariri mpaka imtoke kama sala. Wa kwanza ni mahali. Wa pili ni masafa ya redio na jina la mwito. Wa tatu, idadi ya majeruhi na uzito wa hali zao. Wa nne, vifaa maalumu. Wa tano, wangapi wa machela na wangapi wanatembea. Kisha usalama wa eneo, alama ya kutulia helikopta, uraia wa majeruhi, na mwisho hatari ya sumu au sura ya ardhi. Mstari wa jina hakuna. Sababu yake naielewa na naiheshimu: redio ina masikio mengi, na hakuna mzazi anayestahili kupata habari kwa njia hiyo. Nikasoma bila sauti kutetemeka. Wawili, dharura, wote machela.

Tangu 2009, kwa agizo la Robert Gates aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, majeruhi mahututi alitakiwa afikishwe kwenye matibabu ndani ya saa moja. Nikatazama saa ya ukutani. Helikopta ikawahi. Nikapiga mstari kwenye ubao, nikakaa, nikaanza kutafuta nani ataendesha lile lori kesho. Dereva yule nilimjua kwa jina, nilimjua na mkewe kwa picha. Kwa dakika zile alikuwa "mmoja kati ya wawili", na lazima nikiri kwamba ilinisaidia.

Baada ya kurudi nilikwenda kumwona. Alikuwa hapa hapa San Antonio, Fort Sam Houston, kwenye kituo cha majeruhi wa moto cha jeshi. Nilifika wakati wa kumbadilisha bendeji za mikono. Muuguzi wake, mwanamke wa makamo, alizilowesha kwanza, akazifungua moja moja, kidole baada ya kidole. Hakuharakisha hata mara moja. Muda wote alikuwa akimwambia anachofanya sasa na atakachofanya baadaye. Mimi nilisimama mlangoni na sare yangu iliyopigwa pasi, sijui niweke wapi mikono. Dereva aliniambia helikopta haikumbuki kabisa. Anachokumbuka ni kwamba kila alipozinduka kulikuwa na mtu analitaja jina lake.

Nilikaa jeshini mwaka mmoja na kitu baada ya siku ile. Nikapandishwa kuwa kapteni. 2013 nikaacha, nikaenda kusomea uuguzi.

Mama aliposikia, kule Voi, Kenya, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Sebuleni kwake kuna picha yangu siku niliyotoka chuo cha maafisa cha Fort Benning, na kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai. Shangazi yangu ndiye aliyenielewa kwanza. Yeye alikuwa sista, yaani muuguzi, miaka yote tunayoikumbuka. Watoto wa mtaa walimkimbia kwa sababu ya sindano, na wazazi wao walimgongea mlango usiku wa manane. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Unaweza kukaa na mtu usiyeweza kumponya?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nenda ukajue."

Shule ililipiwa na haki ya masomo ya wanajeshi wa zamani, ile ya kulipiwa miezi 36, na naishukuru kila siku. Niliketi na wasichana wa miaka 20 nikiwa mkubwa wao kwa zaidi ya miaka kumi. Mtihani wa leseni unafanywa kwenye kompyuta inayoamua yenyewe ikuulize maswali mangapi. Wakati wetu yalikuwa kati ya 75 na 265. Yangu ilizima kwenye la 75. Nilikaa ndani ya gari nusu saa nisijue kama nimefaulu au nimeangamia. Nilikuwa nimefaulu. Nikafanya kazi ya uraiani kidogo, kisha 2019 nikarudi jeshini, kikosi cha wauguzi.

Nilirudi nikiwa luteni. Vipande viwili vya fedha kifuani, alama ya ukapteni, vikawa kimoja. Mama akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, kwani wamekushusha?"

Sitasema haikuniuma. Iliniuma siku ya kwanza, nilipompigia saluti kapteni ambaye zamani angekuwa luteni wangu. Lakini nilikuwa nimesoma historia ya kikosi hiki. Kiliundwa tarehe 2 Februari 1901, na kwa miaka 19 ya kwanza wauguzi wake, wanawake pekee, walifanya kazi bila cheo chochote, ikiwemo Vita Kuu ya Kwanza. 1920 wakapewa vyeo bila mshahara wa wanaume wenye vyeo hivyo hivyo. Uafisa kamili wa kudumu ulikuja 1947. Wanaume nao hawakuruhusiwa kuwa wauguzi maafisa mpaka 1955. Waliokuwa wakifunga vidonda vya watu huko Ufaransa 1918 hawakuwa na hata hicho kipande kimoja. Nilimweleza Mama haya yote. Akasema sawa, lakini picha ya sebuleni haibanduki.

Kozi ya mwanzo ilikuwa rahisi kwangu. Madaktari na wapasuaji wa meno waliokuwa wakivaa magwanda kwa mara ya kwanza walinijia jioni niwafundishe ramani na dira kabla ya mazoezi ya Camp Bullis. Ugumu ulikuwa wodini. Afisa hufundishwa kuamua kwa habari nusu, kukabidhi, na kwenda kwenye jambo linalofuata. Muuguzi habanduki. Kosa langu la wiki za kwanza lilikuwa hilo: nilitoa maagizo mazuri nikaondoka chumbani. Sajini mmoja, kijana aliyekuwa tabibu wa vitani kabla ya kuja hospitali, alinitazama nikitafuta mshipa kwa mara ya tatu, akaniambia kwa upole, "Afande, vuta kiti ukae. Mshipa hautaki kuamriwa." Nikavuta kiti. Mpaka leo huvuta kiti.

Hesabu zangu za zamani hazikupotea, na hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu mzima wa kilo 40 hadi 80 aliyeungua, tunachukua asilimia ya ngozi iliyoungua tukazidisha kwa 10: hizo ndizo mililita za maji ya dripu za kuanzia, kwa kila saa. Aliyeungua asilimia 40 huanza na 400. Kanuni hiyo ilitoka kwenye taasisi ya utafiti ya jeshi iliyo papa hapa Fort Sam Houston. Lakini kanuni inakupa saa ya kwanza tu. Baada ya hapo ni wewe na mfuko wa mkojo: mililita 30 hadi 50 kwa saa. Ukipungua, unaongeza maji. Ukizidi, unapunguza, maana maji yakipita kiasi humvimbisha mtu tumbo na mapafu. Kila saa, usiku kucha, unainama na tochi kusoma kipimo kile. Niliwahi kuhesabu dizeli ya malori kwa uangalifu huo huo, na nilidhani ile ndiyo kazi kubwa.

Utafiti wa vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani katika vita vya 2001 hadi 2011 ulionyesha kwamba karibu 9 kati ya kila 10 walifariki kabla ya kufika hospitali. Niliposoma namba hiyo shuleni nilifunga kitabu nikatoka nje. Maana yake ni kwamba vita vya kuokoa uhai hupiganwa barabarani, kwa mkanda wa kuzuia damu, redio na mistari tisa. Luteni yule wa 2011 alifanya kazi yake. Nilihitaji miaka mingi kuweza kuandika sentensi hiyo.

Mgonjwa wangu wa jana si mwanajeshi. Kituo chetu huwapokea raia pia. Kwenye ubao wa chumba chake niliandika jina lake, kisha langu, la kwanza tu, bila cheo. Saa kumi na moja alfajiri alizinduka akauliza yuko wapi. Nikamtaja kwa jina, nikamwambia yuko hospitali, San Antonio, na kunakaribia kupambazuka. Akanyamaza. Kisha akaomba nimgeuze aelekee dirishani. Kumgeuza mtu aliyeungua ni kazi ya watu watatu na mito mitano, nikaenda kuwaita wenzangu.